Karatasi Iliyobaki Nyamiaga

Mwezi uliopita nilirudi Nyamiaga, kule Ngara, kuzika. Aliyefariki ni mwalimu wetu wa dini, yule aliyenifundisha Baba Yetu kabla sijajua kuandika jina langu. Mungu alimpa miaka mingi, na mwisho akamchukua taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo wa kichwani. Nashukuru kwa maisha yake. Nilikwenda nikijua kwamba nitamlilia. Sikujua kwamba nitalia pia kwa ajili ya karatasi.

Baada ya maziko, tulipokuwa tumekaa nje tukila ndizi na maharage, binti yake aliniita ndani. Ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Akafungua kitabu cha nyimbo cha baba yake, kilichokwisha jalada zamani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dada, hii ni ya kwenu," akasema. "Baba alituagiza, akija mtu yeyote wa nyumba ile apewe. Amekaa nayo miaka yote hiyo."

Niliifungua pale pale dirishani. Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, imeshakuwa na rangi ya chai, na ukingoni bado palikuwa na ganda dogo la ugali mkavu. Mwandiko ulikuwa wangu. Mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, herufi kubwa kubwa zilizolala upande mmoja kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

Wewe unayenisoma, ambaye huenda umri wetu ni mmoja na magoti yetu yanaumwa siku moja, nivumilie kidogo. Nataka kukusimulia habari ya karatasi hii, na siwezi kuisimulia bila kukupandisha kwanza kwenye kilima chetu.

Kwetu kulikuwa juu, mahali ambapo asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni, na bibi akautania, "Karibu, mgeni usiyekula." Tulikuwa watu watatu tu: baba, bibi mzaa baba, na mimi. Mama alikuwa amefariki akijifungua, na mtoto hakuishi. Nyumba ilizungukwa na migomba, migomba ikazungukwa na mibuni, na chini kabisa bondeni palikuwa na chemchemi yenye maji baridi mpaka meno yakauma. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kabla ya shule, na jioni kuchambua maharage kwenye ungo. Bibi aliweza kuchambua maharage amefumba macho, akisali. Vidole vyake vililijua jiwe, na viliijua punje iliyotobolewa na wadudu. Mimi nilipojaribu kufumba macho kama yeye, sauti yake ilinifikia mara moja: "Wewe, unasali au unalala? Mungu anajua tofauti, na mimi pia naijua."

Kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Mwalimu wa dini aliigonga kwa kipande cha chuma, na sauti yake ilivuka mabonde mawili. Mpaka leo nikisikia fundi wa magari akigonga chuma barabarani, moyo wangu unataka kuvaa gauni safi.

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi. Sisemi ya wale waliokuja baadaye kwa maelfu kutoka Rwanda, kupitia mpaka wa Rusumo, ambao dunia nzima iliwasikia. Nasema ya wale wa kabla yao, waliotoka Burundi wakati mimi nikiwa mtoto. Walipita kwenye vichaka na mikeka kichwani, mwingine na kuku mmoja kwapani, mwingine bila kitu. Lugha yao na Kihangaza chetu ni ndugu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mkalimani ili kuelewa walichokuwa wakilia.

Mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwetu akaomba maji. Alikuwa mjamzito, na mkononi ameshika binti wa miaka kama miwili. Mume hakuwepo, na bibi hakuuliza. Alimpa maji, kisha akampa jiko letu alale humo na mtoto wake, na baada ya wiki chache akampokea mtoto wa pili humo humo jikoni, wa kiume, kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miezi mingi tuliishi hivyo. Mwanamke yule alilima na bibi, akavuna na bibi, wakapiga soga na kucheka pamoja. Alitufundisha kupika kisamvu kwa mawese. Baba alikionja mara ya kwanza akasema, "Hiki ni chakula au ni mafuta ya baiskeli?" Halafu akaongeza mara mbili.

Kilipofika kiangazi, serikali ilileta malori ya kuwachukua wakimbizi kuwapeleka kwenye makazi ya mbali, upande wa Tabora, ambako wangegawiwa ardhi. Kila mtu alikuwa ameandikwa jina. Asiyepanda lori lake angekosa ardhi na chakula. Na wiki ile ile, yule binti mdogo akashikwa na surua. Bwana afya alisema wazi kwamba mwenye surua haruhusiwi kupanda kwenye lori lililojaa watoto.

Naikumbuka asubuhi ile. Mwanamke yule alikuwa amembeba kichanga mgongoni, na yule mgonjwa alikuwa amelala mkekani, macho yamevimba, amekishika kitenge cha mama yake kwa ngumi zote mbili. Kilikuwa cha kijani chenye maua ya manjano, naye hakuwa na kingine. Mama alijaribu kumfungua vidole, mtoto akapiga kelele. Ndipo bibi akainuka. Alichukua mundu, akakikata kitenge katikati. Nusu ikabaki mikononi mwa mtoto, nusu akajifunga mama.

"Mama, nitarudi kwenye mlango huu huu," mwanamke akamwambia bibi.

"Na mimi nitakuwepo kwenye mlango huu huu," bibi akajibu. "Nenda. Mtoto ni amana, hapotei."

Mtoto alipona. Bibi alimnywesha maziwa kidogo kidogo kwa kijiko cha mti, akamsafisha macho kwa maji ya vuguvugu, na baada ya majuma mawili akawa anatembea tena kutafuta makombo ya viazi. Na mimi, ambaye kwa muda mrefu nilikuwa nimebeba mgongoni kipande cha mgomba kilichofungwa kitambaa nikikiita mdogo wangu, sasa nilikuwa na mdogo wangu kweli. Alilala ubavuni pangu. Nilikwenda naye chemchemini. Neno lake la kwanza baada ya ugonjwa lilikuwa "dada". Nilipotoka shule nilimkuta amekaa pale njia inapopindia, na akiniona alipiga makofi kama mtu aliyeona mvua.

Bibi aliona, akanionya. "Mpende, lakini usimfanye wako. Mwenyewe anakuja." Kila Jumamosi alikifua kile kipande cha kitenge, akakianika, akakikunja vizuri. Na ilipofika siku ya kubatizwa, hakukubali mtoto aandikwe jina la ukoo wetu. Alimwambia mwalimu wa dini, "Andika la mama yake. Sisi ni walezi."

Miaka miwili ikapita bila habari. Tabora kwetu ilikuwa jina tu, kama majina ya mahali kwenye Biblia.

Sasa nikueleze kwa nini tulihama, kwa maana watu hudhani mtu huhama kwa vita au kwa njaa tu. Sisi hatukuwa na vita, na njaa yetu ilikuwa ndogo, ya kawaida. Baba alikuwa na kaka zake wanne, na shamba la babu lilikuwa limegawanywa mpaka likawa vipande vya kuonea haya. Migomba ilikuwa imezeeka. Kahawa moja ilikuwa ya baba, inayofuata ya baba mkubwa, na kila msimu palikuwa na ugomvi wa punje zilizodondoka. Halafu likaja tangazo kwamba watu wote washuke vilimani wakajenge katika vijiji, kando ya barabara. Baba akasema, "Kama ni kuhama, nitahama mara moja tu, niende penye ardhi."

Alikwenda peke yake wiki mbili. Aliporudi alitoa mfukoni bonge la udongo mweusi lililofungwa kwa jani la mgomba, akampa bibi. Bibi akalinusa, akalivunja, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Ni wa wapi?" akauliza.

"Nyakahura, Biharamulo. Lakini naomba sana, jina la mahali lisitajwe. Nimeonyeshwa bonde moja zuri. Kaka zangu wakijua, watafika kabla yangu. Tuseme Biharamulo tu. Tukishapimiwa ndipo tuwaambie."

Usimcheke. Ndivyo watu walivyohama wakati ule. Aliyeona bonde jema alilificha kama mtu aliyeona mzinga wa nyuki. Na Biharamulo ni pana. Kusema Biharamulo tu ilikuwa sawa na kutosema.

Bibi alikaa siku nzima bila kuchambua maharage. Mwisho akamwambia baba, "Nimetoa ahadi kwenye mlango huu. Yule mama akija akute magofu, nitamjibu nini Mungu?" Wakakubaliana hivi: iandikwe karatasi, ifungwe, akabidhiwe mwalimu wa dini, naye asiifungue mpaka mama wa mtoto atakapofika. Kanisa halihami. Baba alikuwa ametoka kutafuta nafasi kwenye lori la ushirika lililokuja kuchukua kahawa, na bibi hakujua kusoma. Kwa hiyo nikaitwa mimi na daftari langu.

Tulikaa barazani. Mdogo wangu alikuwa amelalia mapaja yangu, anacheza na vidole vya miguu yangu, anavihesabu na kukosea. Bibi akawa anasema polepole, kama anavyosali, nami naandika.

"Andika: Mama, tunakusalimu kwa jina la Yesu."

Nikaandika.

"Mtoto wako amepona. Anakula vizuri. Ana meno yote."

Nikaandika.

"Tumehama pamoja na baba, kwa sababu ya ardhi. Mtoto tunaye. Tunakungoja."

Nikaandika.

"Sasa andika mahali. Tupo Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Ukishuka barabarani uliza watu waliotoka Ngara."

Nilitazama kichwa cha mdogo wangu. Nywele zake nilikuwa nimezisuka mwenyewe asubuhi ile, mistari imepinda. Nikasikia sauti ndani yangu ikisema, baba amekataza jina la mahali lisitajwe. Ilikuwa sauti nzuri, yenye adabu, na ilikuwa uongo. Sikuwa nikimtii baba. Nilikuwa nikimwiba mtoto.

Nikasogeza penseli juu ya karatasi bila kuigusa, muda wa kutosha maneno yale.

"Umeandika?" bibi akauliza.

"Nimeandika."

"Na jina la mahali?"

"Nimeandika, bibi."

Akaichukua, akaikunja mara nne, akaigundisha kwa ugali, akaipuliza ikauke. Kisha akaibusu. Alibusu karatasi yangu, na mimi nikiwa nimekaa pale.

Tulipanda lori lile juu ya magunia ya kahawa. Bibi alibeba machipukizi ya migomba yaliyofungwa majani, kitabu cha sala asichoweza kukisoma, na kile kipande cha kitenge. Baba alishika jogoo. Mlango wa nyumba baba alitaka kuung'oa aende nao, kwa sababu ulikuwa wa mbao nzuri, lakini bibi alimkatalia. Akasema mlango ubaki mahali ulipoahidiwa.

Nyakahura ilitupokea kwa vumbi. Sisi tuliozoea vilima tuliona ardhi imelala chini, haina pa kujificha. Hapakuwa na chemchemi. Palikuwa na lambo, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe walikunywa kabla yetu. Mbung'o walituuma mpaka masikioni. Usiku nilizoea kusikia upepo kwenye migomba, huko nikasikia fisi. Machipukizi ya bibi yalipandwa kwa uangalifu, yakamwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na mwezi wa pili yakakauka yote. Jirani yetu alikuwa mama wa Kisukuma aliyehamia na watu wake kutoka Shinyanga na ng'ombe wengi. Alisimama akamtazama bibi akimwagilia vijiti vikavu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama wee, nyie watu wa Ngara mna mambo! Mnataka kula mti?"

"Na nyie," bibi akamjibu bila kuinua kichwa, "mnaokula nyasi zilizosagwa na kuziita ugali?"

Wakacheka wote wawili, na urafiki wao ukaanzia hapo. Mama yule ndiye aliyetufundisha kuishi. Alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kumwonyesha bibi jinsi ya kuvipika na karanga. Mume wake alimwazima baba ng'ombe wawili wa kulima. Baba, aliyezaliwa na jembe la mkono, siku ya kwanza aliburutwa na wale ng'ombe mpaka kwenye miiba, na watoto wote wa kitongoji wakaja kutazama. Kiswahili, ambacho Ngara kilikuwa lugha ya darasani, kikawa lugha ya kuombea chumvi. Jioni bibi alisalimia "mwadila" kwa lafudhi ya Kihangaza, jirani akamjibu kwa furaha kana kwamba amesalimiwa na mama yake mzazi. Mwaka wa tatu tulivuna pamba na mahindi, na bonde lile likawa kwetu. Namshukuru Mungu kwa watu wale. Mtu huhama na vyombo vyake, lakini hahami na majirani. Lazima aombe wapya.

Jambo moja tu lilichelewa kuzoeleka. Watoto wa shule walituita wakimbizi.

"Wakimbizi hao! Rudini kwenu Rwanda!"

"Sisi ni Watanzania!" nilipiga kelele. "Tumetoka Ngara!"

"Ngara ndiyo Rwanda!"

Siku moja nilirudi nalia. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kama sita, alimwuliza bibi, "Mkimbizi ni nani?" Bibi akamweka mapajani. Hakumficha kitu. "Mkimbizi ni mama yako," akasema. "Ni mwanamke mwema, anapika kisamvu kizuri sana. Anakuja kukuchukua." Mtoto akauliza, "Anajua njia?" Bibi akasema, "Dada yako ameiandika."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba.

Labda utauliza kwa nini sikusema wakati ule. Najiuliza na mimi. Kila mwaka uliopita, neno lilizidi kuwa zito. Kwanza niliogopa kuchapwa. Baadaye niliogopa kupoteza jinsi uso wa bibi ulivyonitazama. Baadaye nikasoma dini, nikafundisha wengine, nikasimama mbele ya watoto wa kipaimara nikiwaeleza kwamba kusema uongo ni dhambi. Nimetubu mbele za Mungu mara nyingi, na naamini rehema yake. Lakini waliokosewa walikuwa wakila nami meza moja, na hao sikuwaambia.

Bibi alikaa kila jioni ameelekea barabara. Basi lililopita mara moja kwa wiki alilitazama mpaka vumbi lilipotua. Aliugua nikiwa nimeshaolewa. Nilikwenda kumuuguza, na mchana mmoja, mdogo wangu akiwa ameenda lamboni, alinishika mkono.

"Ile karatasi," akasema. "Uliandika vizuri?"

"Niliandika, bibi."

"Basi njia ndiyo mbaya. Atakuja tu." Akafumba macho, na vidole vyake vikaanza kusogea juu ya blanketi, vikichambua maharage ambayo hayakuwepo. Siku ya tatu alikufa.

Sasa turudi kwenye lile dirisha la Nyamiaga. Niliposimama na karatasi mkononi, nilimwuliza binti wa mwalimu wa dini swali moja tu. Alikuja? Akanitazama kwa mshangao, kama mtu anayedhani unajua.

"Alikuja, Dada. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini baba alitusimulia mara nyingi, kila alipofundisha juu ya kupotea na kupatikana. Mlikuwa mmeondoka mwaka mmoja na kitu. Watu wa kilimani walikuwa wameshashuka wote, kila mmoja na kijiji chake. Alifika kwenye nyumba yenu, akakuta mlango umesimama, paa limeanguka. Akaja kanisani. Alikuwa na kibali cha siku chache tu cha kutoka makazini, na nyingi zilikuwa zimeishia njiani. Baba akaifungua karatasi akamsomea. Akafurahi sana kusikia mtoto ana meno yote. Akasema, endelea. Baba akamwambia, imeishia hapo. Akaomba isomwe tena. Baba akasoma tena. Akaichukua mkononi, na kusoma hakujua, akaigeuza kutazama kama kuna maneno nyuma."

Akakifunga kile kitabu cha nyimbo.

"Baba alimwambia anasikia mko Biharamulo. Akaenda mpaka Biharamulo mjini kwa miguu, akauliza kanisani, jina lenu halikuwepo."

Halikuwepo kweli. Barua yetu ya kuhama, ya kututambulisha kwa kanisa jipya, ilikaa kwenye sanduku la baba karibu miaka miwili kabla hatujaipeleka, kwa maana parokia ilikuwa mbali na pamba haikungoja.

"Alirudi kupitia hapa?"

"Alirudi. Akamwachia baba karatasi. Alisema, isije ikapotea njiani, wakija waambie nilifika. Baba aliuliza habari zenu kwa kila aliyekwenda huko. Wakati alipowasikia, miaka ilikuwa imepita, na yule mama hakuonekana tena, akaona heri aitunze mpaka mje wenyewe kuliko kuituma ikapotea."

Nilirudi Nyakahura kwa basi. Barabara ni ya lami sasa, na safari iliyotuchukua siku mbili juu ya magunia niliimaliza kabla chai haijapoa tumboni. Mdogo wangu anaishi kwenye kiwanja kile kile cha baba. Ana watoto watano, na ni mzee wa kanisa anayeheshimiwa, na watu wote wa pale wanamwita Mama wa Ngara, ingawa Ngara hakuzaliwa na hakumbuki chochote cha huko. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

Nilimweleza yote, nikiwa nimekaa chini kama mtoto. Nilisema habari ya baraza, penseli, sauti yenye adabu, na bibi alivyoibusu karatasi. Nilisema mama yake alifika. Nikamsomea. Hakuacha kumenya. Aliumenya muhogo mmoja mpaka ukaisha, akachukua mwingine.

Kisha aliinuka akaingia ndani, akatoka na kile kipande cha kitenge. Kijani chake kimeondoka karibu chote, maua yamebaki kama madoa.

"Alipokuja," akauliza, "alikuwa amejifunga kile kingine?"

Sikujua. Mwalimu wa dini angejua, na tumemzika. Bibi hayupo, baba hayupo. Kilima chetu sasa kimepandwa miti ya mbao, chemchemi imejengewa saruji na haitoi maji, na hata mlango ule, niliambiwa, ulichukuliwa na mtu akafanyia meza. Duniani kote simjui tena mtu wa kumjibu mdogo wangu swali dogo kama hilo.

"Sijui," nikasema. "Nisamehe."

"Nilikusamehe uliposema mama yangu alifurahi kusikia nina meno," akajibu, na machozi yakamtoka akicheka. Kisha akamwita mjukuu alete kalamu. Akaitandaza karatasi juu ya ungo, akanisogezea.

"Malizia."

"Nani ataisoma sasa, mdogo wangu?"

"Wewe malizia tu, Dada. Bibi alisema uandike."

Nikaandika chini ya yale maneno ya zamani. Tupo Nyakahura, wilaya ya Biharamulo. Ukishuka barabarani uliza watu waliotoka Ngara. Herufi zililala upande ule ule. Yeye akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara nne, akaifungia ndani ya kitenge.

Halafu akaniuliza kama nimekula.